Aliyetengeneza hajawahi kutengeneza

Wandugu, kwanza niwaombe radhi kwa ukimya. Chumba cha habari kimenibana kwelikweli, na ule muda mdogo unaobaki nimekuwa nikiutumia kulipa deni. Deni lenyewe si la pesa tu. Niliharibu droni ya mtu.

Ilikuwa hivi. Nina mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea uhandisi wa umeme. Wenzake boom likitoka wananunua simu, yeye alinunua mota. Boom lililofuata akanunua kamera, lililofuata tena akanunua rimoti. Ilimchukua zaidi ya mwaka kukamilisha droni moja ya mashindano, ile midogo yenye mapanga manne inayopita kwenye mageti kwa kasi huku rubani amevaa miwani ya video na anaona kile ambacho kamera ya mbele inaona. Siku alipoimaliza alinipigia simu saa tano usiku. Nilidhani kuna msiba.

Basi Jumapili moja tukaenda kiwanjani, kibali kiko mkononi maana kwa sheria zetu droni hairushwi bila kibali cha TCAA. Dogo akarusha, akazunguka magoli yote mawili, akapita katikati ya miti, akatua miguuni pake. Mimi mwandishi wa habari nikaona haitoshi kutazama, nikaomba nijaribu. Kaka mtu ukiomba, mdogo wako atakatalia wapi? Akaiweka kwenye hali ya kujisawazisha yenyewe, akanivalisha miwani, akanipa rimoti. Nilidumu hewani kama sekunde 40. Kisha nikakutana na mwamba wa goli.

Tuliiokota. Mota zote nne zinazunguka. Kamera inaonyesha. Bodi inawaka taa. Kilichovunjika ni mkono mmoja tu wa mbele, umekatika karibu na shina. Nikashusha pumzi, nikasema si tununue mkono mwingine basi, nitalipa mimi. Dogo hakunijibu kwanza. Aligeuza droni akanionyesha tumbo lake.

"Kaka, mkono hauuzwi. Mikono yote minne ni bamba moja."

Nikaelewa. Kuvunja mkono mmoja ni kuvunja fremu nzima. Fremu ikaagizwa kutoka China, ikachukua wiki tano kufika. Wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa na maonyesho ya wanafunzi chuoni kwao, ambayo dogo alikuwa akiyasubiri tangu mwaka wa pili. Alikwenda nayo hivyohivyo, akaiweka mezani ikiwa na mkono mmoja umefungwa kwa gundi na uzi, akasimama pembeni akiwaeleza watu jinsi ambavyo ingeruka. Nilikwenda kumtazama. Sikukaa muda mrefu.

KISICHOVUNJIKA KINAFUNGUKA

Katikati ya zile wiki tano nilipeleka mabaki kwa mzee mmoja fundi baiskeli, ana kijiwe chini ya mwarobaini karibu na ninapoishi. Sikutegemea aitengeneze. Nilitaka tu mtu mwenye mikono anayejua vyuma anipe mawazo. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta mafuta mkononi, akaipokea ile droni kwa heshima kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaizungusha.

"Huu mkono unafunguliwa wapi?"

"Haufunguliwi, mzee."

"Na hii mota?"

"Mota inafunguka, ina skrubu nne."

Akacheka kidogo. "Kwa hiyo kisichovunjika kinafunguka, kinachovunjika hakifunguki." Akanirudishia. "Mwanangu, aliyetengeneza kitu hiki hajawahi kutengeneza."

Nilicheka nikaondoka. Usiku ule nikaikumbuka ile sentensi na usingizi ukaniruka. Hebu isome tena. Kwa Kiswahili chetu, mtu anayeunda kitu kipya anatengeneza, na mtu anayekirudisha kitu kilichoharibika kwenye hali yake anatengeneza pia. Kitenzi ni kimoja. Fundi seremala anatengeneza kitanda, na kitanda kikilegea unampelekea huyohuyo akitengeneze. Wazee waliotuachia lugha hii walitupa kitenzi kimoja kinachobeba kazi zote mbili, kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja. Sisi wasomi ndio tumeigawa. Tuna wahandisi wanaobuni bila kushika spana, na tuna mafundi wanaorekebisha ambao hakuna anayewauliza lolote wakati wa kubuni.

Hoja yangu leo ni moja, nayo ni hii: fremu ya droni ya mashindano ibuniwe kuanzia siku itakapovunjika. Mbunifu asianze kuchora mpaka awe amejibu maswali matatu: kitavunjika nini, kitafunguliwa kwa nini, na itachukua dakika ngapi kuruka tena. Asiyeyajibu hayo amechora picha tu.

KUANGUKA NDIYO KAZI YAKE

Kuna watakaosema dawa ni kutengeneza fremu isiyovunjika. Ngoja tupige hesabu kidogo, hata sisi tuliokimbia hesabu kidato cha nne tunaweza.

Droni ya kawaida ya mashindano ina mapanga ya inchi 5. Ikiwa na betri ina uzito wa kama gramu 650. Ikienda mwendo wa kilomita 108 kwa saa, mwendo ambao kwa marubani wazoefu ni wa kawaida tu, inasafiri mita 30 kila sekunde. Nguvu iliyobeba wakati huo inakaribia jouli 300. Hiyo ni sawa na kuachia kiroba cha unga cha kilo 25 kutoka usawa wa kifua, mita 1.2, halafu kiroba chote kitue juu ya kipande cha kaboni chenye upana wa sentimita moja na nusu. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne.

Nayo inagonga mara ngapi? Mara kwa mara. Huu ni mchezo ambao ajali si bahati mbaya, ni sehemu ya mazoezi. Machi 2016 Dubai iliandaa World Drone Prix, mashindano yenye zawadi ya jumla ya dola milioni 1. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 15, Luke Bannister, akaondoka na dola 250,000. Novemba 2018 shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, likaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya droni mjini Shenzhen, China, na bingwa akawa kijana mwingine wa miaka 15, Rudi Browning wa Australia. Vijana kama hawa hawafiki hapo kwa kusoma vitabu. Wanafika kwa kuangusha. Rubani asiyeangusha ni rubani asiyejifunza kitu kipya.

Sasa wewe mwenye boom lako la mkopo, ambaye kila ukiangusha unasubiri wiki tano, utajifunza lini? Hapa ndipo suala la fremu linapoacha kuwa la skrubu na kuwa la nani anaruhusiwa kuwa bingwa. Kipaji kinahitaji kurudia, na kurudia kunahitaji fremu inayotengenezeka.

PINI YA BOTI

Nirudi kwenye hizo jouli 300. Lazima ziende mahali. Ukiutengeneza mkono uwe mgumu kama reli, nguvu haipotei, inapita tu kwenda kwa jirani. Itapinda ekseli ya mota, au itang'oa bodi kwenye skrubu zake, au itapasua kamera. Umenusuru kitu cha bei ndogo kwa kuua kitu cha bei kubwa.

Wavuvi wetu wanalijua hili kuliko wahandisi. Injini ndogo nyingi za boti zina pini laini inayoshika panga kwenye shafti. Panga likigonga mwamba, pini inakatika. Mvuvi hatukani mtengenezaji. Anatoa pini nyingine mfukoni, anaichomeka, safari inaendelea. Ile pini imewekwa pale ili ife, gia zipone. Fyuzi ya nyumbani nayo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo fremu imara ni ile iliyopanga foleni ya kufa. Kwanza yafe mapanga, maana ni plastiki na bei yake ni ndogo. Ya pili ife mikono. Kitovu kinachobeba bodi kiwe cha mwisho kabisa, na kamera ikae ndani ya mbavu zake, isichungulie nje. Ukishapanga foleni hiyo, kila mlango uliotajwa ufunguke kwa urahisi kulingana na nafasi yake. Cha kwanza kufa kiwe cha kwanza kufunguka. Mzee wangu wa mwarobaini alikuwa ameyasema yote haya kwa sentensi moja, mimi naandika makala nzima.

FREMU NINAYOITETEA

Sasa niwe mahususi, nisije nikaambiwa waandishi wa habari tunajua kulalamika tu. Nimekaa na dogo wiki nyingi tukichora, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Mikono iwe minne, kila mmoja peke yake, na yote ilingane. Mkono wa mbele kulia uwe sawasawa na wa nyuma kushoto, ili mkono mmoja wa akiba uponye pembe yoyote. Ibanwe katikati ya mabamba mawili ya kitovu, na kila mkono ushikwe na bolti mbili. Bolti moja haitoshi, mkono utazunguka kama mlango.

Kuna faida nyingine ya mikono ya kutenganisha ambayo sikuijua. Bamba la kaboni limefumwa kama kitambaa, nyuzi zinakwenda wima na mlalo, zikashikwa na gundi ngumu. Chukua kanga ya mama, ivute kwa kufuata pindo: haivutiki. Sasa ishike pembe kwa pembe uivute mshazari: inatanuka. Kaboni nayo ina tabia hiyo. Mkono uliokatwa kufuata nyuzi ni mgumu, uliokatwa mshazari unapinda mapema. Fremu ya kipande kimoja unaweza kuigeuza kwenye bamba ili mikono ifuate nyuzi, lakini X yake ikiwa imerefushwa, kama zilivyo fremu nyingi za mashindano, hutaipatia mikono yote minne, na mabaki ya bamba yatakuwa mengi. Mkono wa peke yake unaukata kwa kuufuata uzi, na unapanga mingi kwenye bamba moja.

Unene nao una siri yake. Mkono wa milimita 5 una uzito wa robo zaidi ya ule wa milimita 4. Lakini ugumu wake dhidi ya kupinda unakaribia mara mbili, kwa sababu hapa unene unahesabiwa mara tatu: 5 mara 5 mara 5 ni 125, wakati 4 mara 4 mara 4 ni 64. Kwa hiyo weka unene kwenye mikono, punguza kwenye mabamba ya kitovu ambayo yanasaidiana yenyewe kwa yenyewe. Fremu nyingi za hovyo ninazoziona zimefanya kinyume.

Na ugumu huo hautafutwi kwa ajili ya ajali tu. Mkono unaolegea unatetemeka, na mtetemo unaingia kwenye kihisi cha bodi, halafu programu ya kurusha, kama Betaflight, inahangaika kutofautisha mtetemo na mwendo halisi. Mota zinachemka bure. Kwa hiyo wale wanaosema tutumie plastiki laini inayopinda bila kuvunjika, wajue watapata fremu inayopona na droni isiyorukika. Plastiki laini iwekwe mahali pake: kwenye kishikilia antena, kwenye kamera, kwenye ncha za mikono.

Nyaya ndizo zinazosahaulika. Kila mota ina nyaya tatu, mota nne ni nyaya 12, zote zimechomewa kwa risasi kwenye bodi. Kwenye fremu yetu ya kwanza, kuhamisha vitu kwenda fremu mpya kulimaanisha kuyeyusha viungo vyote 12, ukiacha vya betri na kamera. Usiku mzima ukaisha hivyo, na kila kiungo unachokichoma upya ni nafasi ya kuunguza bodi. Fremu nzuri inakuruhusu kufungua skrubu nne za mota, bolti mbili za mkono, ukautoa mkono uliovunjika na kuingiza mpya bila kugusa hata waya mmoja. Nyaya zipite juu ya mkono na zifungwe kwa utepe, zisipitishwe kwenye tundu. Na kumbuka kaboni inapitisha umeme: ukingo wake ukikwangua ganda la waya, umepata shoti. Piga msasa kingo zote ziwe za mviringo. Upige msasa huo kwa maji, na ufunge kitambaa puani, maana vumbi la kaboni si la kuvuta. Kisha paka supagluu kwenye kingo, inasaidia tabaka zisifumuke kirahisi.

Halafu vipimo. Wenzetu wa mchezo huu wana bahati moja, wameelewana vipimo. Bodi nyingi za droni za inchi 5 zinakaa kwenye matundu yaliyoachana milimita 30.5 kwa 30.5, na mota zake nyingi zinafungwa kwa milimita 16 kwa 16. Mbunifu anayekuja na vipimo vyake mwenyewe ili ununue kwake tu, huyo hajabuni fremu, amebuni mtego.

Mwisho ni skrubu. Ziwe za M3 zote, za kichwa kimoja, ili ufunguo mmoja wa L wa milimita 2 ufungue kila kitu, na urefu wake usizidi aina mbili. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba akishindwa kufungua redio yake kwa sababu skrubu ya mwisho ilikuwa ya umbo ambalo bisibisi yake haikuijua. Sitaki dogo akutane na hiyo skrubu akiwa kiwanjani na jua linazama.

WANAOPINGA WANA HOJA

Nisiwe mwizi wa fadhila. Fremu ya kipande kimoja haikubuniwa na wajinga. Ina skrubu chache, kwa hiyo ni nyepesi, na kwenye mashindano hata gramu 15 zina maana unapokata kona. Haina maungio, kwa hiyo hakuna kinacholegea katikati ya mzunguko. Rubani mkubwa anakuja uwanjani na droni tano zinazofanana. Ya kwanza ikianguka anachukua ya pili, hatafuti spana. Ligi ya Marekani ya Drone Racing League, iliyoanza msimu wake wa kwanza mwaka 2016, iliwapa marubani wote droni za aina moja zilizoundwa na ligi yenyewe. Rubani alipoangusha, alipewa nyingine. Kwa watu hao kutengeneza ni kazi ya kesho, tena ya mtu mwingine.

Nakubali. Kwa mwenye droni tano, kipande kimoja ni chaguo la akili. Ninachokataa ni kuuziwa sisi wenye droni moja fremu iliyobuniwa kwa ajili ya mwenye tano, halafu tuambiwe kwamba ndiyo "ya kitaalamu". Kitaalamu kwa nani? Gramu 15 ulizookoa hazina faida kama droni iko kabatini mwezi mzima. Droni iliyo kabatini mwendo wake ni kilomita sifuri kwa saa.

Wala si kweli kwamba kila mkubwa amechagua upande huo. Kuna fremu inayoitwa Source One ya Team BlackSheep, mikono yake ni ya kutenganisha na michoro yake imewekwa wazi, yeyote anaweza kuipakua na kuikata. Na ukitoka kwenye mashindano ukaenda kwenye kazi halisi, jirani zetu Rwanda wamekuwa wakisafirisha damu kwa ndege za Zipline tangu Oktoba 2016. Ndege zile ni za mabawa, si za mapanga manne, lakini ukiangalia zinavyohudumiwa utaona wazo lilelile: bawa linatoka, betri inatoka, kiwiliwili kinabaki, kibovu kinakwenda mezani na kizima kinaruka. Pale anayesubiri ni mgonjwa, hakuna mtu wa kuvumilia wiki tano.

MKONO WA PLAIWUDI

Mtauliza, kaboni tutaitoa wapi? Swali la haki. Bamba linaagizwa, lakini mashine za kukata kwa kompyuta zipo hapa mjini, wenye mabango wanazitumia kila siku kukata herufi. Tulipokwenda kwa mmoja wao na mchoro wetu alishangaa udogo wake, akaukata. Mabamba mawili ya kitovu na mikono sita. Sita, maana mmoja wa kuvunja na mmoja wa kukopesha.

Kabla ya kupata bamba hilo dogo alifanya jambo ambalo nililicheka. Alikata mikono ya plaiwudi. Kumbe si wa kwanza. Msweden David Windestål alijipatia jina kwa droni za mapanga matatu zenye mikono ya mbao ya kawaida, akieleza kwamba mbao inameza mtetemo na ikivunjika unakata nyingine. Mikono ya dogo ilikuwa minene na mizito, droni ikawa inapaa kama bata. Lakini ilikuwa inapaa. Kila jioni alivunja mkono mmoja au miwili na kila usiku alikata mingine kwa vipande alivyopewa bure na seremala. Ndani ya wiki hizo za plaiwudi alijifunza kurusha kuliko mwaka mzima aliokuwa akiiogopa kaboni yake. Yule bwana aliyekuwa akiruka juujuu kwa woga, sasa anapita chini ya mwamba wa goli. Ule ule wangu.

Tafadhali lizingatie hilo, kwa sababu kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Urahisi wa kutengeneza ulimwondolea woga. Mtu anayejua kwamba kosa litamgharimu dakika kumi anathubutu. Mtu anayejua kosa litamgharimu mwezi anaruka kama amebeba mayai. Tunashangaa kwa nini vijana wetu hawathubutu, kumbe tumewapa vifaa vya kipande kimoja, mitaala ya kipande kimoja, na maisha ya kipande kimoja, ambapo mkono ukikatika kila kitu kimekwisha.

KIPIMO CHANGU

Kwa hiyo napendekeza kipimo. Watengenezaji wanatangaza gramu na unene. Mimi nataka watangaze dakika. Mpe mtu wa kawaida fremu yenye mkono uliovunjika, mkono wa akiba, na vifaa vinavyoenea mfuko wa shati. Washa saa. Zima saa droni inaporuka. Ikizidi nusu saa, mbunifu arudi kwenye meza yake. Ikihitaji risasi ya kuchomea, arudi. Ikihitaji kifurushi kutoka ng'ambo, asirudi kabisa, atafute kazi nyingine.

Na kwa vyuo vyetu: kila mwanafunzi wa uhandisi anayebuni kitu cha kuruka, kutembea au kuzunguka, kabla hajapewa alama akipeleke kwa fundi wa mtaani. Amwachie saa moja. Fundi aseme kinafunguliwa wapi. Asipopaona, mwanafunzi hajamaliza. Najua kuna maprofesa watakaoona huku ni kuwashushia hadhi. Nawaomba wakumbuke lugha yao wenyewe ilivyowaita wote wawili kwa kitenzi kimoja.

Jumapili iliyopita tulirudi kiwanjani. Dogo alinipa miwani bila mimi kuomba, nadhani alitaka kunitibu. Nikadumu dakika mbili na ushee safari hii, kisha nikaliwa na mti. Mkono wa nyuma kushoto ukakatika palepale tulipopanga ukatike. Nikaanza kuomba msamaha. Dogo alikuwa ameshachuchumaa, ufunguo wa L mkononi, hata hanisikilizi. Nilitazama saa yangu: dakika 11. Akasimama, akaifuta vumbi kwa kiganja, akanirudishia rimoti.

"Zamu yako bado haijaisha, kaka."

Nawasilisha, wandugu. Mwenye fremu nyepesi kuliko yetu na inayotengenezeka kwa dakika chache zaidi ailete, tushindane. Ila aje na mikono ya akiba.